Andika Jina la Mwezi

Tulipohamia Minnesota tukitokea Tanzania, hati niliyoilinda kuliko zote mkobani ilikuwa kadi ya kliniki ya binti yangu. Ilionyesha kwamba alizaliwa 05/08/2016 na kuchanjwa surua kwa mara ya kwanza 06/05/2017, yaani akiwa na miezi tisa, kama ulivyo utaratibu wa kwetu. Nesi aliyeipokea shuleni aliisoma kwa mazoea ya Kimarekani, mwezi ukitangulia siku, akapata mtoto aliyezaliwa Mei na kuchanjwa Juni ya mwaka uliofuata, akiwa amekwisha kutimiza mwaka. Kosa hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu shule za hapa hazihesabu chanjo ya surua iliyotolewa mtoto akiwa na miezi tisa tu. Lilifichuliwa na mstari wa chini yake, 19/02/2018, kwa kuwa mwezi wa kumi na tisa haupo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuwa waangalifu zaidi, maana tumezoea kusema "tarehe tano mwezi wa nane", na mkono huandika namba kama ulimi ulivyotamka. Kwa Kiingereza, utaje mwezi kwa jina. Mmarekani huandika August 5, 2016, akiweka mkato baada ya siku, na sentensi ikiendelea huweka mwingine baada ya mwaka. Mwingereza huandika 5 August 2016 bila mkato wowote, kama walimu wetu walivyotufundisha. Chagua mtindo wa nchi ya anayekusoma, na usiichanganye miwili katika barua moja.

Kanada mitindo hiyo hukutana, na serikali yake hupendekeza 2016-08-05, mwaka ukitangulia, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Hata pasipoti ya Marekani, jambo lililonishangaza sana, hutanguliza siku, lakini mwezi huandikwa kwa herufi.

Kwenye fomu, tazama kwanza herufi ndogo zilizo chini ya kisanduku: MM ni mwezi, DD ni siku.

Binti yangu alichomwa sindano moja zaidi. Katika tafsiri ya kadi niliyoirudisha shuleni, kila mwezi ulikuwa na jina lake.