Siku Babu Aliponipeleka Saza

Likizo ya Juni mwaka 1996, babu mzaa baba alinichukua Tukuyu tukaenda Saza, alikofanya kazi ujanani. Mbalizi tulidandia lori la mizigo, tukapitia Galula hadi Mkwajuni, tumekalia magunia ya chumvi, vumbi mpaka kwenye kope. Enzi hizo kote huko kulikuwa Chunya. Mkoa wa Songwe umekuja juzi tu, 2016.

Njiani babu hakunyamaza. Dhahabu ya Lupa, yaani machimbo ya huko Chunya, iligunduliwa 1922, na miaka ya 1930 vijana wa Kinyakyusa walikuwa wakitembea kwa miguu kwenda kuitafuta ili wapate pesa ya kodi. Mgodi wa Saza ulipoanza 1939, alisema, palikuwa na kinu kisicholala na maduka ya Wahindi.

Mimi nilitegemea kuona mji. Nilikuta misingi ya nyumba imemezwa na vichaka, na vijana wakichimbua marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na wazee wao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu lete karai."

Akachuchumaa majini, akalizungusha taratibu, tope jekundu likimwagika ukingoni hadi ukabaki mchanga mweusi kama kijiko kimoja. Akagonga ukingo kwa kidole, na nyuma ya ule weusi ukajitokeza mstari wa njano, mwembamba kuliko unyusi. Vijana wakamsogelea.

Wao waliamini Wazungu waliondoka 1956 baada ya kufukia mwamba mnono makusudi. Hadithi hiyo ingali hai, na siiamini hata kidogo. Bei ya dhahabu ilifungwa kwenye dola 35 kwa wakia tangu 1934, huku mishahara, mashine na mafuta vikizidi kupanda. Kuchimba kina kirefu kwa bei hiyo ni hasara. Mawe yenyewe hayakuisha: bei ilipokuja kupaa, mgodi wa New Luika ukaanza kutoa dhahabu hapo jirani mwaka 2012.

Lakini siku ile nani angewaambia? Walitaka kujua mwamba umeelekea wapi. Babu akasema koo limemkauka. Zikaletwa soda mbili, yake na yangu. Akanywa yote, akafuta mdomo, akanyoosha fimbo kuelekea mashariki. Tulipokuwa tunaondoka tayari walikuwa wanabishana nani aanze kuchimba duara, yaani shimo la dhahabu.

"Babu, kumbe ulikuwa unaingia chini?"

"Chini wapi, mke wangu? Mimi nilikuwa mpishi."