Kura moja ya Brooklyn Park

Jamani leo naandika jambo lililonikaa rohoni tangu mwezi wa sita 2025, habari ya mama mmoja mbunge wa hapa kwetu, Melissa Hortman, na najua walio nyumbani wataniuliza mbona unatuletea siasa za watu, tuambie habari za kazi na viza, ila mnivumilie maana hii habari imetokea kama dakika tano kwa gari kutoka ninapolala na ndo imenifanya nielewe hii nchi inaendeshwaje.

Naishi Brooklyn Park, Minnesota, kaskazini ya Minneapolis. Waliberia wamejaa hapa, Wakenya nao wengi hasa Wakisii, sisi Watanzania tupo tupo. Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025 alfajiri simu ikalia ule mlio mbaya wa tahadhari. Huku huo mlio tumeuzoea kwa kimbunga, kwaiyo nikakurupuka nikawakokota wanangu wawili mpaka bafuni maana ndo chumba pekee kisicho na dirisha, alafu ndo nikaisoma ile meseji vizuri. Haikuwa kimbunga. Watu wakae ndani, anatafutwa mtu amepiga watu risasi, huenda anajifanya polisi, usimsogelee, piga 911. Baadae polisi wakaongeza kwamba askari watapita wawili wawili, akija mmoja peke yake mlangoni usifungue mpaka upige simu uhakikishe. Nilikaa chini kwenye vigae, mdogo amelala mapajani kwangu, nasikiliza ngazi za apatimenti kama kuna mtu anapanda. Miaka kumi na moja niko hapa, sijawahi kuuogopa mlango wangu mwenyewe kama siku ile.

Baadae majina yakatoka. Melissa Hortman na mumewe Mark wameuawa nyumbani kwao, hapa hapa mjini kwetu. Waendesha mashtaka wanasema mtu huyo huyo alianzia Champlin, huko seneta wa jimbo John Hoffman na mkewe Yvette walipigwa risasi nyingi, hao Mungu akawanusuru. Mtuhumiwa alikamatwa kesho yake usiku, yake yakaenda mahakamani, mi sina nafasi ya kumpa hapa. Nataka kumwandika yule mama.

Binti yangu wa miaka kumi na mbili akaniuliza, mama, ulikuwa unamjua? Nikamjibu ni mbunge wetu. Akasema sawa mama, lakini ulikuwa unamjua?

Sikuwa namjua. Kila baada ya miaka miwili vipeperushi vyenye jina lake vinaingia kwenye sanduku la barua, naviweka pamoja na matangazo ya supamaketi. Novemba 2024 nilipiga kura yangu ya kwanza kama raia, karatasi refu mbele na nyuma, nikajaza sehemu ya rais kwa makini, huko chini kote nikapita mbiombio maana nilikuwa nawahi shifti. Jina lake lilikuwa huko chini.

Ngoja niwaeleze kidogo hii kazi ikoje. Nyumbani ukisema mbunge watu wanaona Dodoma, gari kubwa, mheshimiwa huyo anapita. Huku kuna lile bunge la Washington mnaloliona kwenye TV, alafu kila jimbo, na jimbo la huku sio jimbo la uchaguzi kama letu, ni kama nchi ndani ya nchi, lina gavana wake na bunge lake na sheria zake. La Minnesota linakaa St. Paul, Baraza la Wawakilishi watu 134 na Seneti watu 67. Mjumbe mmoja wa Baraza anabeba watu kama 42,000 tu, na anatumikia miaka miwili anarudi tena kuomba. Mshahara wao ni dola 51,750 kwa mwaka, posho kando, nesi aliyesajiliwa huku anawazidi kwa mbali. Kwaiyo mtu hakimbilii hapo kutafuta utajiri.

Huyu mama alizaliwa 1970 Fridley, hapo jirani, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Minnesota, na akiwa wakili kijana alifanya kazi ya msaada wa kisheria, akawatetea watu waliobaguliwa kwenye nyumba za kupanga. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta nyumba huku akiwa na jina kama letu anajua hiyo kazi uzito wake. Akagombea 1998 akashindwa. Akagombea 2002 akashindwa. Akarudi 2004 ndo akapita, na hivi vitongoji enzi hizo havikuwa vya chama chake, chama cha DFL ambao ndo Democrats wa Minnesota. Akakaa bungeni miaka 20, hakupoteza tena kiti mpaka siku aliyouawa. 2017 akawa kiongozi wa wachache bungeni, 2019 akawa Spika.

Kuna kisa cha 2017 nakipenda sana. Kulikuwa na mjadala wa kuongeza adhabu kwa waandamanaji wanaofunga barabara kuu, wajumbe wanawake weusi na wa rangi nyingine wamesimama wanaeleza wanavyoumia, na wakati wanaongea wanaume kadhaa wako chumba cha pembeni wanacheza karata. Hortman akasimama akaomba wajumbe wote waitwe warudi ndani, akasema wazi kwamba hao wacheza karata ni wanaume wazungu watupu. Wakamtaka aombe radhi. Akakataa hapo hapo, akasema hana nia hiyo. Yeye ni mzungu, angeweza kukaa kimya na hakuna mtu angemlaumu.

Sasa njooni 2023. Chama chake kilikuwa na Baraza kwa 70 dhidi ya 64, na Seneti kwa 34 dhidi ya 33, yaani kura moja tu. Huyo mmoja akiugua au akinuna hakuna kinachopita. Na kwa hiyo kura moja mwaka huo wakapitisha vitu ambavyo mi nilikuwa navila na kuviendesha bila kujua vimetoka wapi.

Mfano chakula cha shule. Kabla ya hapo mwanangu alirudi na barua kwenye begi, akaunti yake ya lanchi ina deni, na mwezi huo nilikuwa nimetuma hela Tanga baba amelazwa. Nikasema ntalipa Ijumaa. Alafu binti akaanza kuniambia mama mchana huwa sisikii njaa. Kumbe akifika mwisho wa foleni anaingiza namba yake, mashine inalia, na wenzake wote nyuma wanasikia. Mtoto wa miaka tisa anachagua njaa kuliko ule mlio. Gavana akasaini Machi 2023, na tangu Septemba ile kila mtoto kwenye shule za umma Minnesota anakula asubuhi na mchana bure, hakuna fomu ya kueleza umaskini wako. Mlio haupo tena.

Au leseni. Kuna kaka mmoja tunaswali naye, hana makaratasi, miaka yote alikuwa anaendesha kwenda kazini roho mkononi, taa moja ya nyuma ikiungua hatoki nyumbani mpaka apate balbu. Sheria ya 2023 ikasema kuanzia tarehe 1 Oktoba mtu anaweza kupata leseni bila kuulizwa hali yake ya uhamiaji, mradi asome na afaulu mtihani. Siku aliyoipata alikuja nayo msikitini akaipitisha mkono kwa mkono, wazee wanaigeuza geuza kwenye mwanga, na yeye kasimama anaifuata kwa macho kama mtu aliyeazimisha mtoto mchanga. Mwaka huo huo wakapitisha likizo ya malipo ya uzazi na kuuguza iliyoanza Januari 2026, na wakaruhusu wasio na makaratasi waingie kwenye bima ya afya ya jimbo inayoitwa MinnesotaCare, ikaanza Januari 2025.

Na hapo kwenye bima ndo penye uchungu, nataka nipaseme taratibu.

Uchaguzi wa 2024 ulileta sare, 67 kwa 67. Ndo uchaguzi ule ule ambao Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Nyamira, Kenya, alishinda kiti cha 38A hapa Brooklyn Park. Rafiki yangu Mkisii tunayefanya naye shifti alilia kwa furaha kwenye chumba cha dawa, alikuwa anawapigia watu Kenya saa ambazo kule ni usiku wa manane. Lakini mmoja wa washindi wa DFL mahakama ikaona hakuwa anaishi kwenye eneo alilogombea, kiti chake kikabaki wazi, Republican wakawa 67 kwa 66 wakataka kushika uspika. Hortman na wenzake wakasusia kikao kama wiki tatu, na Mahakama ya Juu ya Minnesota ikasema ili Baraza likae lazima wawepo 68. Kura moja tena. Mwisho wakakubaliana, uspika ukaenda kwa Lisa Demuth wa Republican, na Hortman akabaki kuongoza upande wake.

Ikaja bajeti. Republican wakashikilia kwamba hawapitishi mpaka watu wazima wasio na makaratasi watolewe kwenye ile bima, watoto wabaki. Bila bajeti serikali ya jimbo ingefungwa tarehe 1 Julai. Tarehe 9 Juni ukapigiwa kura ule mswada. Kile kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimesharudi kwa DFL, sare tena, kwaiyo ilihitajika kura ya mtu mmoja kutoka DFL. Ikapita 68 kwa 65. Huyo mmoja alikuwa Hortman mwenyewe, peke yake kwenye chama chake. Aliyeongoza Baraza kuifungua ile bima 2023 ndo akanyanyua mkono kuifunga. Baada ya kikao akazungumza na waandishi wa habari machozi yanamtoka, akasema anajua watu wataumia kwa kura ile.

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hapa watu walimsema vibaya mno wiki ile. Ametusaliti, ametuuza, na mengine siwezi kuandika. Na walikuwa na haki ya kuumia, kuna watu wazima tunaokula nao sahani moja walikuwa wamepata kadi ya bima miezi mitano tu. Siku ya tano magrupu yale yale yakajaa mishumaa na pole.

Mi nimekaa na hili jambo muda mrefu. Yule mama ndo aliyeyafanya yale makubaliano, angeweza kumwita mjumbe mgeni asiye na jina akamwambia wewe ndo utaipiga hiyo kura, uibebe wewe, utukanwe wewe. Viongozi wangapi tunawajua sisi wangefanya hivyo? Aliona serikali isifungwe, aliona watoto wabaki na bima, aliona nani ataumia, akaenda yeye. Bado naamini ile sheria ni mbaya. Kila nikimwona yule kaka wa leseni akikohoa naifikiria ile bima iliyokatika kwa watu wazima mwisho wa 2025. Lakini kumwita msaliti siwezi, na nimewaambia hivyo waziwazi kwenye grupu, wengine hawajanisemesha mpaka leo.

Tarehe 27 Juni miili ililazwa kwenye jengo la bunge St. Paul watu waage, yeye akiwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo Minnesota. Nilibadilishana shifti nikaenda na binti. Foleni ndefu, jua kali, watu wanagawiana maji. Ndani majeneza mawili, na katikati kichombo cha majivu ya Gilbert, mbwa wao. Naye alipigwa risasi usiku ule. Walimchukua kumfundisha awe mbwa wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu, akashindwa mafunzo, wakabaki naye. Mimi nimelelewa Tanga, mbwa hata barazani hapandi, lakini nilipoona kile kichombo kidogo kati ya wale wawili miguu iliniisha nguvu. Binti alinishika mkono tukatoka.

Tarehe 16 Septemba 2025 ulikuwa uchaguzi mdogo wa kiti chake. Alishinda Xp Lee, aliyekuwa diwani wa mji huu. Nilikwenda asubuhi nikitoka kazini, bado na sare ya kazi, binti nikampitia kabla ya shule. Hakukuwa na foleni. Karatasi walilonipa lilikuwa na nafasi moja tu, majina mawili na mstari mtupu chini yake kama unataka kuandika mwingine. Niliyasoma yote mawili mpaka mwisho. Nikajaza kiduara changu, nikampa binti alipeleke kwenye mashine, ikalivuta taratibu, na kile kinamba pembeni kikaongezeka moja.