Vumbi la Nakuru na betri ya haibridi
Wenye Toyota Prius (gari la haibridi, yaani la petroli na umeme) za kizazi cha pili na cha tatu hapa Nakuru, tafadhali kagueni kile kitundu cha hewa pembeni mwa kiti cha nyuma. Hapo ndipo betri kubwa inapopumulia: moduli (vipande vya betri vilivyoungwa pamoja) 28, kila moja seli 6, volti 201.6 kwa jumla. Vumbi la murram huziba feni inayovuta hewa hapo, moduli za katikati hupata joto zaidi, na moja ikifa betri nzima hugoma. Inauma, maana gari lilibuniwa kupunguza petroli na moshi. Zima gari, toa feni, isugue kwa brashi laini, bila maji. Nyaya za rangi ya chungwa usiguse kabisa, mwachie fundi mwenye glavu za umeme. Na gunia la viazi vya Molo lisizibe kitundu hicho.