Nilivyombadilisha Nahodha Wangu Bila Kumpoteza

Mwalimu mmoja wa fasihi aliniambia mhusika mkuu awe na lengo moja, alishike toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, la sivyo msomaji atapotea. Nilimtii, na utiifu ule ulinila karibu mwaka mzima. Nahodha wa hadithi yangu, Hamadi, alitaka kulipa deni la chombo chake, basi. Kufika sura ya nne nilikuwa nimemchoka: akifungua mdomo ni pesa tu.

Nikaamua kumbadilisha. Nilimpeleka msikitini siku ya Ijumaa, akasikia mawaidha, akalia, akatoka ameacha choyo na amemkumbuka binti yake. Kurasa tisa! Niliziandika usiku mmoja hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na alfajiri niliamini sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Nikaenda kumsomea shangazi. Alikuwa akishona kofia. Alinisikiliza hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Mwanangu, huyu wa msikitini simjui. Yule wa mwanzo umemzika wapi?"

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimemtoa Hamadi nikaweka mtu mwingine kwa jina lilelile. Mwingereza E. M. Forster, ambaye mwaka 1927 alitenganisha mhusika bapa, mwenye sura moja tu, na mhusika duara, mwenye pande nyingi, alisema duara utamjua kwa uwezo wake wa kukushangaza na bado ukamwamini. Shuleni tulishika neno "kubadilika" tukasahau hilo la kuaminika. Kurasa zangu tisa zilishangaza tu.

Basi nikaenda Matondoni, kijiji cha kisiwani hapa Lamu, kukaa na mafundi wa vyombo. Siku tatu nilimtazama fundi mmoja akikalafati: pamba imelowa mafuta, anaisokota kama utambi, anaisukuma kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu, pigo dogo dogo. Na kila apitaye humuuliza, "Chombo hiki cha nani?" Swali ni hilohilo, majibu hayafanani! Kwa mfanyabiashara alimtaja mwenye mali. Kwa vijana wa pale alisema, "Changu." Mkewe alipoleta chai akamuuliza kwa utani, alijibu, "Cha ada ya watoto," na hakucheka.

Nilirudi mbio. Hamadi naye nikamuulizisha swali lilelile mara tano, kwa vinywa vya watu watano, tangu kaskazi ya Desemba mpaka kusi ya Mei. Mwanzo anajibu, "Cha deni." Kusi inashika, bahari inachafuka, samaki wanapungua, mdai anamjia kwenye uwanja wa Mkunguni hapa mjini, mbele za watu kumwaibisha. Jibu lake sasa ni, "Changu, na hakitoki mkononi mwangu." Hapo hata ukimpa pesa zote hatauza, maana anachotetea ni uso wake. Mara ya tano anayeuliza ni binti yake, na Hamadi anafungua mdomo, anaufunga.

Ukitaka kujaribu, andika majibu ya mhusika wako kwa swali moja kwenye karatasi moja kabla ya kitu kingine chochote. Kisha tazama baina ya jibu na jibu: kuna lililomsukuma? Mimi baina ya la tatu na la nne hapakuwa na kitu, na kumbe ndipo hadithi yote ilipokuwa ikivuja. Na tafadhali usiing'oe nia ya zamani. Hamadi anampenda binti yake huku angali anahesabu senti, na ni kwa kule kuhesabu ndiyo unamtambua.

Nilimsomea tena shangazi. Binti alipouliza, sindano ilisimama. Nikamaliza, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Na deni je? Alilipa?"

Usiku ule niliongeza nusu ukurasa. Hamadi amekaa sakafuni anahesabu noti, anarudia, mbili zimepungua, na binti yake amesimama mlangoni anamtazama.