Faini ya yuani 500

Juzi nimelipa faini ya yuani 500 hapa Wuhan, China. Watu wa Mbagala hesabu mtapiga wenyewe. Ni kodi ya chumba ya miezi miwili na chenji inabaki. Kosa langu ni kwamba nilihama nyumba Ijumaa, nikaenda kujiandikisha polisi Jumatatu. Sheria inataka mgeni asiyelala hotelini aripoti ndani ya saa 24. Mwaka wa tisa huu nipo, kodi nalipa, makontena ya vipuri natuma, na bado nilisimama kaunta kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Askari mwenyewe kijana, umri wa mdogo wangu. Akaniletea maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, Julai hii inayounguza, akaniwekea kidole mahali pa kusaini. Adabu alikuwa nayo, nikakosa hata wa kumfokea.

Nikateremka hadi mtoni, upande wa mji unaoitwa Hankou, kwenye majengo ya mawe ya wafanyabiashara wa zamani. Nao walikuwa wageni. Bandari hii ilifunguliwa kwao 1861, kwa Mkataba wa Tianjin wa 1858 ambao China ilitiishwa kwa mizinga hadi ikausaini. Waingereza wakajikatia kipande ukingoni mwa Yangtze. Kati ya 1895 na 1898 wakafuata Wajerumani, Warusi, Wafaransa na Wajapani, vipande vimepangana kama fremu za Kariakoo. Waingereza humo walikuwa na baraza lao, lililochaguliwa na walipa kodi wa kigeni, na polisi wao. Mwingereza akishtakiwa, kesi ilikwenda kwa Waingereza wenzake, si kwa hakimu wa Kichina. Wazanzibari hili si geni kwenu: mkataba wa Seyyid Said na Wamarekani, 1833, ulimwachia konsuli wao kesi za Wamarekani wenyewe kwa wenyewe.

Mimi mtu wa mizigo kilichonichoma zaidi ni jengo la Forodha lenye mnara wa saa, lililokamilika 1924, sasa ni makumbusho. Forodha ya China ilikuwa chini ya Robert Hart, mtu wa Ireland, kuanzia 1863 hadi alipofariki 1911. Hebu iwazeni TRA mkononi mwa mgeni mmoja karibu miaka 50! Ushuru wa kuingiza bidhaa ulifungwa kwa mikataba kwenye takriban asilimia 5, na China peke yake haikuweza kuupandisha. Mnaotoa mizigo bandarini Dar, mmeisikia hiyo asilimia? Warusi nao walikuwa na viwanda vya chai ya matofali. Chai ilishindiliwa kwa mashine hadi ikawa ngumu kama ubao, ikapelekwa Siberia. Wabebaji walikuwa Wachina. Kwenye baraza hawakuwa na kauli.

Januari 1927 umati ukaingia eneo la Waingereza, na Februari Uingereza ikasaini kulirudisha.

Mzee mmoja kwenye benchi akaniuliza natoka wapi. Kusikia Tanzania akapiga goti lake kwa furaha, akataja reli yetu ya TAZARA. Akanionyesha gati: babu yake alibeba chai pale. Nilikaa naye nusu saa. Nimeelewa kwa nini nchi hii inataka kujua kila mgeni amelala mlango gani. Lakini kuelewa hakujaniponya. Kamati ya wakazi inajadili lifti na takataka, ada nalipa sawa na jirani, neno langu halihesabiwi. Wachina wa Kariakoo nao hawamchagui mwenyekiti wa mtaa, najua. Miaka tisa lakini!

Mnaotaka kuja: ukihama, siku hiyohiyo nenda polisi na pasipoti na mkataba wa nyumba. Kabla hujatoa hela, muulize mwenye nyumba kama anapokea wageni, maana wengine watakukatalia mlangoni. Na viza ya masomo si ya biashara, msidanganywe na mtu.

Jioni simu ikalia. Mama mwenye nyumba amenitumia yuani 250. Ameandika kwamba naye alipaswa kunikumbusha siku ile aliponipa funguo, kwa hiyo tugawane.