Sauti iliyotangulia nyundo

Januari 2010 Unguja ilikuwa gizani. Umeme wa kutoka bara ulikuwa umekatika tangu Desemba, na chumba chetu cha kuhariri filamu pale Mkunazini kilitegemea jenereta iliyowekwa uani. Tulikuwa tukiiwasha saa nne tu kwa siku, kwa sababu ya mafuta.

Filamu ilikuwa ya mzee mmoja fundi wa majahazi, Nungwi. Tulipiga kwa mkanda wa Super 16, fremu 24 kwa sekunde. Roli ya futi 400 ni kama dakika 11, basi kila mara mzee aliponyanyua nyundo moyo wangu ulihesabu futi. Sauti ilirekodiwa kwenye mashine yake, mbali na kamera. Maabara moja ya Ulaya ilisafisha mkanda, ikaugeuza kuwa picha za HD, ikaturudishia.

Nililinganisha kibao, kile kinachogongwa mbele ya kamera roli inapoanza, na mlio wake. Sawasawa. Mzee akaanza kutia kalafati, kuziba nyufa za jahazi, nyundo ikitua, ko, ko, ko. Nikaiacha roli iende. Kufika dakika ya kumi niliusikia mlio nyundo ikiwa bado hewani.

Sauti inatangulia nyundo! Niliona vibaya kwa ajili ya yule mzee, aliyekuwa hodari wa kupiga kwa mpigo mmoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Nilimpigia simu kijana wetu wa sauti, nikamwambia mashine yake ni mbovu. Hakukasirika. "Dada, mashine yangu haina kitu. Iulize picha."

Mwongozaji naye alikuwa na haraka. "Isogeze tu, mwanangu, pale inapokosea."

"Maalim, nikisogeza hapa, mbele itakosea tena."

Usiku ule, kwa taa ya chemli, nilizisoma karatasi za maabara ambazo nilipaswa kuzisoma kabla ya kugusa chochote. Zilikuwemo namba za keikodi za ukingoni mwa mkanda, na chini yake imeandikwa 23.976, yaani fremu kwa sekunde, badala ya 24. Picha yetu ilikuwa imepunguzwa mwendo kwa sehemu moja katika elfu. Mwendo huo ni urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani ya 1953, iliposhushwa kutoka fremu 30 hadi 29.97, na HD ikaurithi. Jicho halioni tofauti. Lakini dakika kumi za picha zilikuwa zimerefuka kwa sekunde 0.6, na sauti ilibaki na urefu wake ule ule.

Kwa hiyo kijana alikuwa mkweli. Nilimpigia alfajiri kumwomba radhi, simu yenyewe ikiwa na chaji ya kufa.

Jenereta ilipowashwa nilifuta kazi ya siku tatu. Maalim alinyamaza, akatoka nje. Nikaanza na sauti kabla ya mkato wowote: kila faili nikalipunguza mwendo kwa asilimia 0.1, nikalilinganisha upya na kibao, kisha nikaenda moja kwa moja hadi mkiani mwa roli. Dakika ya kumi. Nyundo ikashuka, ikatua, ko.

Maalim alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. "Rudisha nyuma kidogo," alisema. Nikarudisha. Tukaitazama mara nne, kisha nikaandika "tayari" kwenye kopo la roli ya kwanza. Yalibaki kumi na saba, na mafuta nusu dumu.