Siku Moja Maishani Mwangu: Chupa Yenye Utosi

Saa 12 asubuhi nimeshaketi mlangoni natoboa chupa. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, na leo zamu yangu ni darasani, kuwaonyesha watoto wa miaka 9 hadi 13 jinsi mtoto mchanga anavyoishiwa maji mwilini anapohara. Nimeichora chupa ya plastiki uso wa mtoto mchanga, nikatoboa kwa sindano ya moto vitundu viwili vya macho na kimoja cha mkojo, kisha tundu kubwa zaidi kwa nyuma, ambalo nimelizibia kijiti. Mdomo wa chupa hauna kifuniko. Juu yake nimelaza kitambaa chembamba kilicholowana. Hapo ndipo penye utosi.

Saa 2 namkuta mwalimu wa darasa, tunakubaliana juu ya muda, naye anaahidi kubaki nami hadi mwisho.

Saa 3 chupa imejaa maji na watoto wameizunguka. Nawaomba jambo moja tu: watazame, na kila wanachokiona wakitaje. Nachomoa kijiti. Maji yanatoka kwa nyuma, na kabla sijafungua kinywa mtoto mmoja anapaza sauti kwamba kitambaa kinabonyea. Muda si mrefu machozi yanakauka, kisha mkojo unakatika. Ningeweza kuandika dalili hizo ubaoni kwa dakika tano, nao wangezinakili na kuzisahau. Binti mmoja wa miaka 11, ambaye akitoka shuleni humbeba mdogo wake mgongoni hadi jioni, ananyamaza kwa muda, halafu anasema taratibu: "Mwalimu, mdogo wangu aliwahi kuwa hivi hivi, na sisi tulimnyima maji ili aache kuhara." Darasa zima linaitazama chupa iliyobaki tupu. Namwuliza angefanya nini leo, naye anaichukua birika na kuanza kuijaza chupa tena.

Njia hii ina historia ambayo naiheshimu. Mwaka 1978, mwaka uleule wa Azimio la Alma-Ata kuhusu afya ya msingi, daktari David Morley na mwanaelimu Hugh Hawes walianzisha katika Chuo Kikuu cha London mpango wa Mtoto kwa Mtoto, ukiwa sehemu ya maandalizi ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979. Somo la mtoto anayevuja maji nalo lilifanyiwa kazi na watoto wa vijijini huko Meksiko, wao wakitumia kibuyu. Hoja ya waanzilishi ilikuwa nyepesi kueleweka: katika familia maskini, mzazi anapokwenda kutafuta riziki, anayebaki na mtoto mchanga mara nyingi ni mtoto mwenzake, kwa hiyo maarifa yasiyomfikia huyo mlezi mdogo hayajafika nyumbani.

Saa 5 tunachanganya maji ya chumvi na sukari. Pakiti ya chumvichumvi ya kliniki, ile ya kurudisha maji mwilini kwa anayehara, ndiyo bora, lakini pakiti huisha, na kipimo cha nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Hapa siharakishi hata kidogo, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Kila mmoja anasawazisha kijiko kwa ukingo wa rula, anachanganya, kisha anaonja kabla ya mgonjwa: yasiwe na chumvi kupita machozi. Vikundi viwili vinamwaga na kuanza upya. Narudia pia kwamba mchanga anayenyonya aendelee kunyonya, na kwamba akiwa amelegea, akishindwa kunywa au akitoa choo chenye damu, wamwite mtu mzima mara moja ili apelekwe kliniki. Mtoto asibebeshwe mzigo wa daktari, na katika hilo sina mjadala.

Saa 8 mchana wanatoka wawili wawili kuuliza majirani: nani aliyehara mwezi huu, na alipewa nini? Hawaandiki majina. Kosa la majina nilishalifanya mwenyewe. Mwaka jana niliwatuma wahesabu nyumba zisizo na choo, wakaandika kila nyumba na mwenyewe, nami nikaibandika orodha ukutani. Mama mmoja aliisoma mbele ya watu, na kwa wiki kadhaa mwanawe hakuja. Nilikwenda kumwomba radhi, akanipokea kwa upole nisioustahili, akaniambia: "Mwanangu, choo tunakijua faida yake; tulichokosa ni fedha na ardhi ya kuchimbia." Tangu siku hiyo tunahesabu bila kutaja mtu, na kila hesabu lazima iwe na swali la pili: kinachozuia ni nini?

Saa 10 majibu yamo ubaoni. Kati ya nyumba 19 zilizojibu, 12 hupunguza maji mtoto anapohara, zikiamini kwamba tumbo litapumzika. Watoto hawataki kuimba wimbo kuhusu hilo, ingawa nilikuwa nimeuandaa. Wanataka kwenda na chupa yao kwenye siku ya kupima watoto, ambako akina mama hukaa foleni muda mrefu, waichomoe kijiti mbele yao na kuwauliza wanaona nini. Naukunja wimbo wangu na kuuweka mfukoni.

Saa 1 usiku naandika taarifa. Ukurasa wa mwisho nimeuachia swali la yule binti, aliyenifuata hadi getini: mdogo wake akiyatapika maji hayo, afanyeje? Nilimjibu kwamba asubiri dakika kumi, kisha aanze tena, kijiko kimoja kimoja, polepole. Akanitaka nimwonyeshe, tukaketi chini tukahesabu pamoja muda wa kupumzisha kijiko.